Kuvusha mzigo Namanga: ushuru upi ulifutwa na upi bado unalipwa

Mfanyabiashara anayesikia redioni kwamba nchi za Afrika Mashariki zimeondoleana ushuru, kisha akafika Namanga na magunia yake akaambiwa alipe, hujiona ametapeliwa. Wakati mwingine kweli anatapeliwa. Lakini mara nyingi amechanganyiwa mambo matatu yasiyohusiana: ushuru wa forodha, kodi za ndani za nchi anayoingia, na ada za vibali vya afya na ubora. Kilichofutwa ni hicho cha kwanza peke yake, tena kwa sharti moja zito: bidhaa iwe imetoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na uwe na karatasi ya kuthibitisha hivyo.

Nitatumia mpaka wa Namanga, kati ya Arusha na Kajiado, kwa sababu ndiko vitunguu vya Mang'ola na mahindi ya Tanzania hupita kwenda masoko ya Nairobi, na ndiko bidhaa nyingi za viwanda vya Kenya huteremkia Arusha. Kanuni ni zilezile ukipita Holili na Taveta, Sirari na Isebania, Horohoro na Lungalunga, au Mutukula kwenda Uganda.

Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini na Kenya, Tanzania na Uganda Machi 2004, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Bidhaa za Tanzania na Uganda zikaruhusiwa kuingia Kenya bila ushuru tangu siku hiyo. Za Kenya hazikupewa nafasi hiyo mara moja. Kwa kuwa viwanda vyake vilikuwa na nguvu kuliko vya jirani zake, baadhi ya bidhaa zake ziliendelea kutozwa zikivuka, kiwango kikishuka mwaka hadi mwaka mpaka kikafika sifuri mwaka 2010. Rwanda na Burundi ziliingia katika umoja huo mwaka 2009. Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia zilijiunga na Jumuiya baadaye, lakini usidhani kwamba nchi ikishajiunga, mpaka wake unaanza kutumia taratibu zote za forodha kesho yake.

Kwa mzigo unaotoka nje ya Jumuiya, nchi wanachama zilikubaliana viwango vya pamoja. Malighafi hazitozwi kitu, bidhaa zilizosindikwa nusu hutozwa asilimia 10, na zilizokamilika asilimia 25. Kuanzia Julai 2022 likaongezwa daraja la nne la asilimia 35, kwa bidhaa ambazo viwanda vyetu vinadai vinaweza kuzitengeneza vyenyewe, kama nguo, samani, bidhaa za ngozi na mafuta ya kula. Juu ya hapo ipo orodha ya bidhaa nyeti, zinazolindwa zaidi: mahindi asilimia 50, mchele asilimia 75 au dola 345 kwa tani, sukari asilimia 100.

Viwango hivyo vya bidhaa nyeti ndivyo chanzo cha ugomvi mwingi mipakani. Mchele uliolimwa Mbeya unaingia Kenya kwa ushuru sifuri. Mchele wa Pakistani ukipita mpaka huohuo unatakiwa ulipe ushuru mkubwa. Ukiwa kwenye gunia, nani atajua upi ni upi? Ndiyo maana afisa wa forodha anakung'ang'ania na cheti, na ndiyo maana wapo wajanja wanaobadilisha magunia. Anayeumia ni mkulima wa kweli, ambaye mchele wake unasimamishwa siku nzima kwa sababu ya aliyepita jana na wa kughushi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Msamaha wa ushuru unafuata mahali bidhaa ilikozaliwa, haufuati duka uliloinunulia. Chukua mitumba. Mama amenunua robota mbili kwenye soko la Gikomba, ana risiti ya Nairobi, anavuka kwenda Arusha. Kwake hizo ni bidhaa za Kenya. Kwa forodha si za Kenya hata kidogo: zilikuja kwa meli kutoka ng'ambo, Nairobi zilipita tu. Zikifika Namanga zinahesabiwa kama mzigo wa kutoka nje ya Jumuiya na zinatozwa ushuru kamili. Ndivyo ilivyo kwa simu, vipuri vya pikipiki na vyombo vya plastiki kutoka China, hata kama muuzaji wa Nairobi alishavilipia ushuru bandarini Mombasa.

Kulipa mara mbili namna hiyo kunauma, na kwa maoni yangu ndilo tundu kubwa kuliko yote katika umoja huu. Umoja wa forodha uliokamilika ungeruhusu bidhaa ikishalipiwa ushuru bandarini izunguke nchi zote bila kuulizwa tena. Sisi hatujafika huko, kwa sababu kila nchi inategemea fedha hiyo kwa bajeti yake na hakuna makubaliano yanayofanya kazi ya kugawana. Mwaka 2014 ulianzishwa mfumo wa Himaya Moja ya Forodha. Chini ya mfumo huo, mzigo unaoshukia Mombasa au Dar es Salaam ukielekea nchi nyingine mwanachama huthaminiwa na kulipiwa ushuru wa nchi uendako kabla haujaondoka bandarini. Umepunguza sana muda wa malori kukaa barabarani, hilo lazima lisemwe. Ila ulijengwa kwa ajili ya mwagizaji mkubwa ambaye tangu mwanzo anajua kontena lake linakwenda Kigali au Kampala. Mama wa robota mbili hakuwemo kwenye hesabu hiyo.

Kwa mazao na mifugo, uasili ni jambo jepesi: kilicholimwa, kuvunwa, kufugwa au kuvuliwa ndani ya Jumuiya ni cha Jumuiya. Ugumu uko kwenye bidhaa za viwandani zinazochanganya malighafi za huku na za nje. Kanuni za Uasili za mwaka 2015 zinaweka vipimo kwa aina ya bidhaa. Kimojawapo, kinachotumika kwa bidhaa nyingi, ni kwamba thamani ya malighafi za kutoka nje isizidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa inapotoka kiwandani. Kufungasha upya, kubandika lebo au kuchanganya tu hakutoshi. Mafuta yaliyoletwa kwa meli hayawi ya Tanga kwa sababu tu yamemiminwa kwenye dumu Tanga.

Mwaka 2018 jambo hili lilizua mvutano mkali. Tanzania ilianza kutoza asilimia 25 kwa pipi, biskuti na chokoleti za Kenya, ikidai zimetengenezwa kwa sukari ya viwandani iliyoagizwa kutoka nje kwa nafuu ya ushuru. Hoja haikuwa ya kubuni. Utaratibu wa Jumuiya unasema kiwanda kilichosamehewa ushuru wa malighafi ili kiuze nje, kikiuza ndani ya soko la Jumuiya, bidhaa hiyo itozwe. Kenya ilijibu kwamba pipi zake zinatimiza masharti ya uasili, na mambo yakalazimu wataalamu wa pande zote kwenda kukagua viwanda. Wakati wakubwa wanabishana, mwenye duka la jumla Arusha alibaki na oda isiyofika.

Sasa karatasi yenyewe. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ambazo kwa viwango vya miaka ya karibuni ni kama shilingi milioni tano za Tanzania au laki mbili na nusu za Kenya, upo utaratibu rahisi wa biashara. Ukiwa na bidhaa iliyomo kwenye orodha ya bidhaa zinazozalishwa Afrika Mashariki, unapata Cheti Rahisi cha Uasili palepale mpakani, kwenye ofisi ya forodha. Fomu ni ya ukurasa mmoja: jina lako, bidhaa, kiasi, thamani, ilikotoka. Afisa anagonga mhuri. Huhitaji wakala wa forodha, na cheti hakilipiwi hata senti.

Hiyo ya mwisho nairudia kwa sababu ndipo watu wanapoliwa fedha zaidi. Cheti Rahisi ni bure. Mpakani wapo vijana wanaokukimbilia kabla hujashuka kwenye gari: "Mama, lete nikuandikie, ni elfu ishirini tu." Wengine wamevaa vizibao na kubeba mafaili, ukadhani ni watumishi. Mama mwenye gunia kumi za vitunguu akitoa elfu ishirini kila safari, faida ya gunia zima inakwenda kwa mtu aliyemjazia fomu ambayo angeijaza mwenyewe. Ingia ndani ya jengo, uliza dawati la forodha. Kama kusoma na kuandika ni shida, mwombe ofisa akusaidie, ni sehemu ya kazi yake.

Kosa linalofuatana na nafuu hiyo ni kumegua mzigo. Mtu ana lori la tani kumi, anawagawia bodaboda ishirini ili kila mmoja aonekane yuko chini ya dola 2,000. Forodha wanalijua hilo tangu zamani, na wakilibaini wanahesabu mzigo kuwa mmoja. Ukipitia njia za panya ni balaa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, inaruhusu kutaifishwa kwa mzigo wa magendo pamoja na chombo kilichoubeba. Kijana wa pikipiki aliyelipwa nauli ya kuvusha magunia mawili anaweza kurudi nyumbani kwa miguu.

Mzigo unaozidi kiwango hicho unahitaji Cheti cha Uasili cha Jumuiya chenyewe na tamko kamili la forodha kwenye mfumo wa kompyuta, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na wakala mwenye leseni. Kwa Kenya cheti hicho hutolewa na mamlaka ya mapato, KRA. Tanzania, wafanyabiashara wamezoea kwenda TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo. Kipate kabla lori halijaondoka. Mzigo ukifika mpakani bila cheti, afisa ana haki ya kuutoza kama mzigo wa kutoka nje, na kwa mahindi hiyo ni nusu ya thamani yake.

Tuje kwenye hesabu. Msingi wa ushuru ni thamani ya bidhaa ikijumlishwa na bima na gharama ya kuisafirisha, ile ambayo mawakala huiita CIF. Tuseme bidhaa iko kwenye daraja la asilimia 25, CIF yake ni shilingi milioni moja, na inaingia Tanzania Bara, ambako kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa bidhaa zinazoagizwa ni asilimia 18. Kama imetoka nje ya Jumuiya, ushuru ni 250,000. VAT inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 1,250,000, ambayo ni 225,000. Jumla 475,000, mbali na tozo ndogondogo. Bidhaa ileile ikiwa imetengenezwa Kenya na ina cheti, ushuru ni sifuri na VAT ni 180,000. Tofauti ya karibu laki tatu imebebwa na karatasi moja.

Kwa nini basi hiyo VAT inabaki? Kwa sababu si ushuru wa mpakani, ni kodi ya mlaji wa ndani. Sabuni ya kiwanda cha Dar es Salaam nayo hutozwa VAT ikiuzwa Arusha. Sabuni ya Nairobi isipotozwa, itakuwa imependelewa. Kwa upande mwingine, kiwanda cha Nairobi kikiuza nje hakitozi VAT ya Kenya, kwa hiyo mnunuzi halipi mbili. Ukienda upande wa pili, bidhaa ya Tanzania ikiingia Kenya inakutana na VAT ya asilimia 16. Mwenye mazao ghafi apumue hapa: mazao ya kilimo ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT Tanzania na Kenya pia. Kitunguu, chungwa au mahindi ya gunia, yakiwa na cheti, hayalipi ushuru wala VAT. Ukiambiwa ulipe VAT ya vitunguu, uliza kwa kifungu kipi.

Ushuru wa bidhaa, ule wa bia, soda na sigara, nao unaruhusiwa, lakini kwa kiwango kilekile kinachotozwa bidhaa ya ndani. Uganda ilijaribu kwenda kinyume mwaka 2017 kwa kuweka kiwango cha juu zaidi kwa sigara zinazotoka nje ya mipaka yake, zikiwemo za Kenya. Kampuni ya British American Tobacco Uganda ikaishtaki serikali kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, na mwaka 2019 mahakama ikaipa ushindi: bidhaa ya nchi mwanachama haiwezi kubaguliwa kwa kodi kama vile ni ya ugenini. Kampuni kubwa ina uwezo wa kuajiri mawakili, najua, lakini kanuni iliyothibitishwa pale ni ya kila mtu.

Baada ya ushuru na kodi, vinabaki vibali, na kwa mazao ndivyo vinavyoangusha watu kuliko kodi. Mfano mzuri ni mahindi. Mnunuzi wa Kenya anatakiwa kuanza yeye, kwa kuomba kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, taasisi ya afya ya mimea ya Kenya. Kibali hicho kinataja masharti ambayo mahindi lazima yatimize. Muuzaji wa Tanzania anakipeleka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambayo inakagua mzigo na kutoa cheti cha afya ya mimea kulingana na masharti hayo. Ukienda TPHPA kwanza, kabla ya kibali cha Kenya, unakaguliwa bila kujulikana unakaguliwa kwa kigezo gani, na cheti chako kinaweza kukataliwa. Kuna pia kibali cha Wizara ya Kilimo ya Tanzania cha kusafirisha nafaka nje. Mtu anayepakia lori leo akitegemea kupata hivi vyote Namanga kesho asubuhi, mahindi yake yatalala hapo mpaka yaanze kuota.

Halafu kuna ubora. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu hutokana na ukungu unaomea kwenye nafaka iliyoanikwa vibaya au kuhifadhiwa ikiwa mbichi, na inaharibu ini. Huwezi kuiona kwa macho wala kuinusa. Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyo. Malori yakajipanga mpakani. Siku tano baadaye zuio likaondolewa kwa masharti mapya: waagizaji wasajiliwe, kila mzigo uwe na cheti cha kuthibitisha kiwango cha sumukuvu, na cheti cha uasili kitaje eneo yalikolimwa. Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi, na vikwazo vya biashara vikawa mezani.

Sitetei namna zuio lile lilivyofanyika, kwa barua ya usiku mmoja iliyowakuta watu barabarani. Lakini sumukuvu ni hatari ya kweli, imeua watu Kenya na Tanzania, na anayeuza nafaka anapaswa kupima kabla ya kupakia, Kenya iulize isiulize. Turubai la kuanikia ni rahisi kuliko lori lililorudishwa.

Hata hivyo, afya imetumika pia kama rungu la kisiasa, na pande zote zimeshika rungu hilo. Oktoba 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege. Machi 2023 Kenya ilisitisha uingizaji wa maziwa ya unga, hatua iliyowagusa moja kwa moja wasindikaji wa Uganda. Mambo ya namna hii yana jina lake katika Jumuiya, vikwazo visivyo vya kiforodha, na tangu 2017 ipo sheria ya Jumuiya ya kuviondoa. Kila nchi ina kamati ya kuvishughulikia, na malalamiko yanaweza kupelekwa huko na mfanyabiashara yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa Kenya anayefuata mazao Tanzania asipuuze. Agizo lililotolewa Julai 2025 limezuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Uwakala wa forodha nao umo. Kwa hiyo mkataba wako uwe na Mtanzania anayekusanya mazao na kukuuzia, na mzigo uvuke kwa karatasi zake.

Mpakani penyewe, tangu Desemba 2018 Namanga ina kituo cha huduma kwa pamoja kilichozinduliwa na Rais John Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta. Ukitoka Tanzania husimami upande wa Tanzania. Unapitiliza mpaka jengo la upande wa Kenya, ambako maafisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja: wa Tanzania wanakugongea kutoka, wa Kenya wanakugongea kuingia. Ukirudi ni vivyo hivyo upande wa Tanzania. Anayekuambia usimame kwanza "kwetu" ukalipie kitu, mwulize kitambulisho. Malipo halali ya serikali ya Tanzania yana control number, yaani namba maalumu ya malipo, na ya Kenya mengi hupita eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali mtandaoni. Fedha mkononi bila risiti haijaingia serikalini.

Viwango navyo hubadilika kila Julai, bajeti mpya zinapoanza. Mawaziri wa Jumuiya huruhusu nchi moja moja kutoka kwenye kiwango cha pamoja kwa mwaka mmoja, na ndiyo maana Kenya imekuwa ikitoza mchele wa nje ya Jumuiya asilimia 35 wakati kiwango cha pamoja ni 75. Hesabu uliyopigiwa na wakala Mei ipigishe upya Agosti.

Na ukitozwa ushuru unaoamini si halali, usimalizie hasira kwenye kaunta. Lipa au weka dhamana ili mzigo usioze, dai uamuzi kwa maandishi, tunza cheti cha uasili na risiti. Kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha kinakupa siku 30 kumwomba Kamishna wa forodha aupitie upya uamuzi huo. Naye ana siku 30 za kukujibu, na zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba ombi lako limekubaliwa.